Kikohozi cha Kondoo Wangu na Jirani Niliyemsingizia

Jina la Bwana na liinuliwe, ndugu zangu! Nitaanza na saa, kwa sababu niliiandika. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Jumanne, mwezi wa saba, baridi ya Kitengela ikiwa imekaza, niliposikia kikohozi cha kwanza kutoka zizini kwangu.

Ushuhuda huu nimeuandika kwenye karatasi kwa sababu mimi si mtu wa kusema. Wengi wenu mnanijua kama Baba Mwende, karani wa stoo ya saruji na mabati. Wengine mnanijua kwa daftari langu. Niliacha shule kidato cha pili karo ilipokosekana, na tangu wakati huo nimejifundisha mwenyewe. Umeme wa nyumba yangu niliuweka mwenyewe. Hesabu za stoo nilizijua kwa kusoma vitabu vya watu wengine. Nilipoanza kufuga, nilisoma pia, na kila kilichotokea zizini nilikiandika. Nilimshukuru Mungu kwa kichwa alichonipa. Nadhani nilikishukuru kichwa kuliko nilivyomshukuru Mungu.

Ndugu zangu, mnakumbuka nilisimama hapa mbele mwezi wa nane nikaomba maombi. Nilisema kondoo wangu wanakufa na kuna mkono wa jirani. Mkainuka mkaomba. Mama mmoja alilia kabisa, akaomba mkono ule ukauke. Leo nimekuja kuwaambia kwamba mliomba juu ya uongo, na uongo huo niliuleta mimi. Nisikilizeni kwa uvumilivu.

Nilikuwa na kondoo kumi na wanne. Kumi na watatu nilikuwa nimewafuga mwenyewe kwa miaka minne, kwenye ekari yangu moja kule nyuma ya Kisaju. Wa kumi na nne alikuwa kondoo jike mwekundu, mwenye doa jeupe juu ya jicho la kushoto. Huyo nilipewa na jirani yangu Baba Naserian.

Baba Naserian ni Mmasai wa pale pale, mtu wa rika langu, anafuga kondoo kama sitini. Mwanzoni mwa mwaka alitaka kuuza kipande cha shamba, na mnunuzi akamletea mkataba wa kurasa nyingi. Alikuja kwangu nimsomee. Nilisoma usiku mmoja na asubuhi nikamwonyesha kwamba ekari zilizoandikwa hazikuwa mbili alizokubali, zilikuwa tano. Hakutia sahihi. Baada ya wiki alikuja na yule kondoo mwekundu, akanipa kamba mkononi, akasema, "Kuanzia leo mimi na wewe hatuitani kwa majina. Ni Pakerr."

Kwa wasiojua, Pakerr ni jina la watu waliopeana kondoo. Yeye ananiita Pakerr na mimi namwita Pakerr, hata mbele ya wageni, hata tukiwa tumezeeka. Kwao si mzaha. Kwangu mimi, Mkamba niliyenunua ploti ugenini, lilikuwa jina la kwanza nililopewa na ardhi ile. Kwa miezi mitano akipita njiani nilikuwa nikisikia sauti yake kabla sijamwona. "Pakerr! Sopa!" Nami nikiitikia salamu hiyo ya kwao, "Ipa, Pakerr!" Mke wangu alicheka akisema siku hizi nimeolewa na Wamasai.

Basi baridi ikaja. Nilisoma mahali kwamba wanyama wadogo wasipigwe na upepo. Nikanunua turubai kuukuu za mabango ya matangazo, zile zinazoshushwa kando ya barabara kuu, nikazifunga kuzunguka zizi lote, kutoka chini mpaka kwenye mabati. Sikuacha hata upenyo wa kidole. Pakerr alipita akasimama akatazama. Bango lilikuwa na picha ya msichana anayetangaza sabuni, anacheka na meno yote.

"Pakerr," akasema, "kondoo wako wanalala na msichana mrembo."

"Wanalala na joto," nikamjibu.

"Toa hiyo kitu. Kondoo iko na koti yake. Upepo haiwezi kuua kondoo. Mahali imefungwa ndiyo inaua."

Nilicheka. Nilimwonea huruma kidogo, ndugu zangu, nakiri. Nikasema moyoni, huyu hajasoma.

Wiki tatu baadaye nikasikia kile kikohozi cha alfajiri. Kufikia Ijumaa walikuwa wanne. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, hasa nilipowafungulia asubuhi. Nikafungua vitabu na simu, nikaamua kwamba ni minyoo ya mapafu. Jumamosi nikanunua dawa ya minyoo na kuwanywesha wote kumi na wanne.

Nitaeleza jinsi nilivyowanywesha, maana hapo ndipo penye ushuhuda. Nilipima dawa kwenye chupa ya soda. Nikamshika kondoo katikati ya magoti, nikainua kichwa chake juu mpaka pua ikatazama mbinguni, nikaingiza chupa, nikamimina. Sikutaka dawa imwagike. Niliandika kwenye daftari, kwa mkono wangu: "Wote wamekunywa. Hakuna tone lililopotea."

Jumatano akafa mmoja. Alhamisi akafa wa pili.

Kikohozi hakikupungua, kilibadilika. Sasa kilikuwa kizito, chenye maji ndani, na kondoo walisimama wamenyoosha shingo, pua zinatoka ute. Niliona minyoo ni mingi na dozi moja haikutosha. Siku ya kumi nikawanywesha tena. Nikainua vichwa juu zaidi. Wakafa wawili, Ijumaa na Jumamosi. Mmoja alikuwa na mwanawe, ambaye alikaa siku nzima amesimama pale mama yake alipoangukia. Mke wangu alimpa maziwa ya chupa. Mimi nilikuwa ndani nasoma.

Na hapo, ndugu zangu, adui akanijia kwa njia ninayoiheshimu. Alinijia kwa kitabu. Kitabu kilisema ugonjwa huletwa na mnyama mgeni, na kwamba kila mnyama mpya atengwe kabla ya kuchanganywa. Nikajiuliza mgeni wangu ni nani. Nikamtazama yule mwekundu mwenye doa jeupe. Naye alikuwa anakohoa. Nikaandika jina la Baba Naserian, nikalipigia mstari.

Jumapili nikaja hapa nikasema yale niliyosema.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilimfunga yule kondoo kamba nikampeleka. Ni kilomita mbili. Alikuwa anasimama kukohoa, nami namvuta. Nilimkuta Baba Naserian nje na mke wake, na mashemeji wawili waliokuja kutoka Kiserian. Sikusalimu. Nilisema, "Nimekurudishia kondoo wako. Ameniletea ugonjwa."

Baba Naserian alitazama kamba. Hakunyoosha mkono.

"Hii kondoo si yangu," akasema. "Nilikupa."

"Sasa nimekupa wewe."

Mke wake akasema kitu kwa Kimasai, upesi upesi, kisha akanigeukia. "Baba Mwende, kondoo ya jina hairudi. Kama imekushinda, chinja, kula. Lakini hairudi."

Nikasema mimi sili mnyama mgonjwa. Shemeji mmoja akaguna akatazama pembeni, kama mtu aliyeona uchi wa mzee. Nikaifunga kamba kwenye nguzo ya lango.

Baba Naserian akasema, "Sawa, Baba Mwende."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kuniita hivyo. Nilisikia tofauti yake. Nikaenda kazini, na siku ile nilipokea mifuko mia mbili ya saruji bila kukosea hata mmoja.

Yule kondoo alikufa Alhamisi, nyumbani kwa Baba Naserian. Mke wake alimwambia mke wangu sokoni. Alikuwa na mimba.

Sasa nifike mahali panaponiaibisha kuliko yote. Kundi la Baba Naserian hupita mbele ya lango langu kila asubuhi likienda malishoni. Kama yule kondoo alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza, alikuwa amelala nao siku tatu, na ilibidi wakohoe. Nilisimama langoni nikasikiliza. Nilisikiliza asubuhi tisa. Kondoo sitini walipita, vumbi likainuka, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Mimi ninayeandika kila kitu, hilo sikuliandika. Ukurasa uko hapa, uko mtupu. Nilijua ningeliandika ningelazimika kulisoma.

Nikawanywesha mara ya tatu.

Wawili wakafa wiki ile. Mke wangu alinikuta mezani na vitabu, akasimama mlangoni na ndoo.

"Baba Mwende, umesoma vya kutosha. Piga simu Kajiado, daktari aje."

"Nitapiga kesho."

"Kesho utakuwa unafuga turubai."

Alipiga yeye mwenyewe. Kesho yake, daktari alipofika, kondoo wa saba alikuwa amekufa alfajiri ile ile.

Daktari alikuwa msichana mdogo, rika la Mwende wangu. Nilimwonyesha daftari. Alisema, "Umeandika vizuri sana, mzee," kisha akaliweka chini na kuvaa glavu. Akampasua yule aliyekufa pale pale kwenye nyasi. Akaniambia nilete ndoo ya maji. Akakata kipande cha pafu la juu, la rangi ya waridi, akakitia majini. Kikaelea. Akakata kipande cha chini, cheusi kama ini, akakitia. Kikazama moja kwa moja mpaka chini ya ndoo. Akasema hilo lilikuwa limeacha kuwa pafu, hewa haikuwa ikiingia tena. Kisha akapasua bomba la hewa. Ndani mlikuwa na povu jeupe.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Ni povu la ugonjwa."

"Nusa."

Nikainama nikanusa. Ilikuwa dawa yangu ya minyoo.

Akasema nimshike mmoja wa wazima nimwonyeshe ninavyonywesha. Nikamshika katikati ya magoti nikainua kichwa. Hata sikufikisha chupa mdomoni.

"Basi! Basi, mzee wangu. Mwachilie." Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi. "Wewe nikikulaza chali, nikuvute kichwa nyuma, nikumiminie uji, huo uji utaenda wapi?"

Akanionyesha. Kichwa kinabaki kama kondoo anavyokibeba mwenyewe, pua isipande juu ya jicho. Dawa inaingia kando ya mdomo, juu ya ulimi, kidogo kidogo, na unamngoja ameze. Akikohoa unaacha mara moja. Na yule ambaye tayari anakohoa sana, usimnyweshe kabisa kabla hajaonwa.

Nikamwuliza, basi kikohozi cha kwanza kilitoka wapi, kabla ya dawa? Akaingia zizini, akachuchumaa, akasema, "Njoo ukae chini hapa, urefu wa kondoo." Nilikuwa nimeingia zizi lile kila siku kwa wiki nyingi, lakini nikiwa nimesimama. Nilipochuchumaa, machozi yalinitoka. Si ya huzuni, ndugu zangu, hayo yalikuja baadaye. Yalikuwa ya harufu kali ya mkojo iliyofungiwa chini na zile turubai. Macho yaliwaka, koo likaniwasha, nikakohoa kikohozi kikavu, kifupi. Kilikuwa kile kile.

Hapakuwa na mkono wa jirani. Wala hapakuwa na minyoo. Daktari aliitafuta katika bomba lile lote hakuona hata mmoja. Kulikuwa na zizi nililolifunga mimi, na chupa niliyoishika mimi. Na kondoo mwekundu alikuja kwangu mzima, nikamnywesha mara mbili, nikamrudisha kufa.

Jioni ile nilifungua daftari nikafanya kazi ambayo karani yeyote angeifanya siku ya kwanza. Nikaweka tarehe za kunywesha upande mmoja na tarehe za vifo upande wa pili. Kila kifo kilifuata chupa. Nilikuwa na ushahidi wote, kwa mwandiko wangu safi.

Nikapiga magoti. Nimeomba tangu ujana, lakini nilizoea kumweleza Mungu mambo. Nilimweleza tatizo, chanzo chake, na anachopaswa kufanya. Jioni ile sikuwa na maelezo. Nilisema, "Bwana, mimi ndimi." Nililia kama mtoto, na mke wangu akaja akapiga magoti kando yangu. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponitoa! Wengine hutolewa katika pombe. Mimi alinitoa katika kuwa na hakika. Nilipoinuka nilikuwa na mzigo bado, lakini ulikuwa wa kweli.

Asubuhi nilishusha turubai zote. Kisha nikachukua kondoo jike mzuri kuliko wote waliobaki, nikaenda kwa Baba Naserian.

Alikuwa anakunywa chai. Akaniita ndani, mke wake akanimiminia. Nikasema yote, tangu turubai hadi povu. Nikasema pia kwamba nilimtaja hapa kanisani. Alisikiliza akitazama kikombe.

"Watu wa kanisa lenu waliniombea nife?" akauliza.

"Waliomba mkono ukauke."

Akainua mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku. "Bado," akasema. Mke wake akacheka kwanza, kisha yeye, na mimi nikajaribu kucheka lakini sikuweza.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe. Hata kwetu kanisani tunafundishwa. Sitakushikia."

Nikamwambia nimeleta kondoo wa kuweka mahali pa yule. Akatikisa kichwa. "Rudi nayo. Ukinilipa, itakuwa tumeuziana. Ile ilikuja na jina, ikarudi na jina. Mimi sikuirudisha." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Akanisindikiza mpaka langoni, akaniambia nimwagie majivu makavu sakafu ya zizi, na nibadilishe matandiko. Kisha akasema, "Haya, Baba Mwende. Salimia mama."

Nilirudi na kondoo wangu kwa kamba, kilomita mbili.

Sita walibaki. Daktari aliwachoma sindano wale waliohitaji, na baada ya wiki tatu kikohozi kilikwisha zizini. Yule mwanakondoo aliyenyonyeshwa kwa chupa ni mmoja wao, na ana afya. Bwana asifiwe kwa hao sita! Sikustahili hata mmoja. Baba Naserian tunasalimiana kila siku. Akipita na kundi lake husimama kutazama zizi langu, na juzi alisema kwamba sasa kondoo wanapumua. Lakini njiani nikisikia sauti yake, ni Baba Mwende. Nimeomba kuhusu jina lile, na nitaendelea kuomba, lakini sitamwambia Mungu alirudishe lini.

Ndugu zangu, nina maombi mawili kwenu. Kwanza, yale mliyoomba mwezi wa nane, naomba leo muombe kinyume chake. Ombeeni nyumba ya Baba Naserian, watoto wake na kundi lake, kwa sauti ile ile mliyotumia. Pili, kama kuna mtu hapa ambaye mambo yake yanakufa moja moja, na tayari ameshapata wa kumlaumu, nakusihi, usikimbilie jina la jirani. Mpe Bwana daftari lako pamoja na ule ukurasa ulioacha mtupu. Yeye hakunifukuza nilipoleta wangu. Hatakufukuza. Mwamini! Inauma, lakini utapumua.

Mchungaji ameniomba nitaje hasara, ili vijana wanaofuga wasikie. Watano wakubwa walikuwa wa shilingi elfu kumi na moja kila mmoja, bei ya soko la Kitengela. Wawili wadogo, elfu sita na mia tano kila mmoja. Dawa nilizonunua bila kuuliza mtu, elfu saba, mia nne na hamsini. Turubai, elfu nne. Kondoo wa Baba Naserian hayumo katika hesabu, kwa kuwa siku alipokufa hakuwa wangu. Jumla ni shilingi elfu sabini na tisa, mia nne na hamsini.